Vidonge vya Mzee Maduhu

Vijana wangu wa dirisha la dawa,

Siku mliponiaga kwa keki na saa ya ukutani mlinitaka niseme machache, nami nikasema machache kweli, nikawagawia keki. Mkasema basi niandike. Maisha yangu yote nimeandika kwenye bahasha ndogo za dawa: moja mara tatu, mbili mara mbili, usiache mpaka ziishe. Sikujua kuwa kuandika zaidi ya hapo kunamtoa mtu jasho. Lakini nimestaafu, muda ninao, na kuku wangu hapa Mabwerebwere hawanihitaji mchana kutwa.

Vyeo na mishahara sitavigusa. Hivyo viko kwenye faili, na faili liko kabatini, liacheni lipumzike kama mimi. Nitawaeleza nilivyoanza, aliyenifunza, na kosa moja nililolifanya kwa mdomo wangu, ambalo lilikaribia kumtoa mama mmoja nyumbani kwake na kumtenga na watoto wake. Hilo ndilo nililoshindwa kulisema siku ya keki.

Mimi ni Mkaguru wa milimani, binti wa mkulima wa maharage aliyekuwa pia mzee wa kanisa. Shule ya misheni ilinifundisha mambo mawili, kusoma na kuogopa kuchelewa. Kazi nilianzia kwenye kituo kidogo cha afya Mikumi, karibu na barabara kuu. Nilifika mapema nimevaa viatu vya kisigino, kwa kuwa dada yangu alinidanganya kwamba watu wa dawa hufanya kazi wamekaa. Kufikia saa sita nilikuwa pekupeku nyuma ya meza. Dirisha lenyewe lilikuwa chini mno, kila mgonjwa alilazimika kuinama, na mzee aliyenipokea alinieleza kwamba fundi alilipima kwa kimo chake mwenyewe, na fundi alikuwa mfupi.

Mzee huyo ni Mzee Mkude, ndiye aliyenifunza kazi. Alikuwa mwembamba, mkimya, mpenda ugoro, na hakutaka kabisa mtu aongee wakati wa kuhesabu. Siku ile ya kwanza alinipa kopo la vidonge elfu moja vya maumivu, sahani ya kuhesabia na kijiko bapa, akaniambia nihesabu vitano vitano. Nikapata mia tisa tisini na nane. Akasema rudia. Nikapata elfu moja na kimoja. Akasema rudia. Machozi yakaanza kunitoka, yeye akawa anaendelea kuhudumia watu kama vile hanioni. Mara ya tatu vikatimia elfu moja, naye akaniambia kwa upole kwamba kiwandani hawakosei sana, mara nyingi anayekosea ni sisi.

Alinifundisha mengi ambayo bado mnaniona nikiyafanya na kunicheka. Kopo moja mezani kwa wakati mmoja. Maandishi ya kopo yamwelekee mtoa dawa. Ukikatizwa unahesabu upya, hata kama umefika tisini. Na alikuwa na kanuni moja aliyoipenda kuliko zote, kwamba ukitaka kujua kama mgonjwa anameza dawa zake usisikilize mdomo wake, hesabu vidonge vilivyobaki. Niliishika kanuni hiyo kama amri ya kumi na moja. Imeniokoa mara nyingi, na mara moja imeniponza.

Mikumi ilinipa mambo ambayo hayakuwa kwenye masomo. Majeruhi wa malori, watu walioumwa na nyoka, watalii waliosahau dawa zao za presha hotelini kwingine. Kuna siku nyani aliingia stoo kwa dirishani akaondoka na kopo zima la vitamini. Kwenye fomu ya upotevu, penye "sababu", niliandika nyani. Mkaguzi akairudisha akitaka jina na saini ya mhusika. Mzee Mkude aliisoma, akanusa ugoro wake, akaniambia niandike kwamba mhusika ametoroka na juhudi za kumtafuta zinaendelea. Fomu haikurudi tena.

Baadaye nikahamishiwa upande wa Kilosa, na huko ndiko nilikozeekea. Mengine mnayajua. Friji la mafuta ya taa lililokuwa linanuka kuliko linavyopoza. Mwaka wa mafuriko tulipoanika maboksi ya dawa juani siku tatu, tukichambua yaliyolowa na yaliyopona. Kompyuta ilipokuja nikaambiwa sasa hakuna haja ya daftari, na mfumo ulipogoma wiki ya kwanza wote walikuja kuniazima daftari langu.

Sasa nije kwa Mzee Maduhu.

Alikuwa mfugaji na mkulima, mmoja wa Wasukuma waliohama kutoka kanda ya ziwa na mifugo yao wakaweka makazi mbele ya Kimamba, kupita mashamba ya zamani ya mkonge. Aliletwa na mwanawe mkubwa, Masanja, kwa pikipiki, amekaa katikati ili asianguke, na nyuma yake mkwewe Kabula amemshika kiuno. Mkono wake wa kulia ulitetemeka ukiwa umetulia mapajani, kidole gumba kikisugua cha shahada kana kwamba anasokota uzi. Uso ulikuwa umekakamaa, hauonyeshi furaha wala hasira. Alitembea kwa hatua fupi za kuburuza, na sauti yake, ambayo Masanja alisema zamani ilisikika ng'ambo ya malisho, ilikuwa imefifia hata ilibidi umtegee sikio mdomoni. Kwao wengine walisema ni uzee. Wengine walisema kuna mkono wa mtu.

Bahati ilikuwa wiki ambayo daktari bingwa wa mishipa ya fahamu alikuwa amekuja kutoka mkoani kutoa huduma. Alimpima, akamwambia afungue na kufunga vidole, akamtembeza koridoni, kisha akatueleza mimi na Masanja. Ni ugonjwa wa Pakinsoni. Ndani ya ubongo kuna seli zinazotengeneza kemikali inayoamrisha mwili ujongee kwa ulaini. Ndani ya seli hizo kuna protini ambayo kwa kawaida huelea na kufanya kazi yake. Kwa wagonjwa hawa protini hiyo hujikunja vibaya, moja inashikana na nyingine, mpaka inakuwa mabonge, na seli zinakufa moja moja. Kemikali inapungua, mwili unakakamaa.

Masanja aliniangalia mimi. Nikamwambia ni kama uji ulioachwa bila kukorogwa, ukishashika mabonge, bonge halirudi kuwa uji. Hapo akauliza swali ambalo na nyinyi mliniuliza mwaka jana: kwa nini basi asipewe dawa ya kuyeyusha mabonge? Daktari alitabasamu, akasema hilo ndilo linalowakosesha usingizi watafiti dunia nzima. Wanatafuta dawa ya chembe ndogo sana, inayoweza kupenya mpaka kwenye ubongo na kuzuia protini zisishikane. Bado hawajaipata. Tulicho nacho ni levodopa, ambayo haigusi mabonge, ila inarudisha ile kemikali iliyopungua. Haiponyi, lakini inamrudishia mtu mikono yake.

Na ilimrudishia. Alilazwa siku tano. Siku ya tatu alifunga vifungo vya shati mwenyewe, akatembea hadi getini na kumgombeza mlinzi kwa kulala zamu ya mchana. Masanja alimrekodi kwa simu. Mimi nilitoka dirishani kwenda kuangalia, jambo ambalo mnajua silifanyi ovyo. Wakati wa kuondoka nilimpa dawa ya mwezi mmoja, nikamwita Kabula pembeni, kwa kuwa ndiye angekuwa anamhudumia, nikamweleza: moja asubuhi, moja mchana, moja jioni. Na kwa sababu dawa hii huleta kichefuchefu, nikamwambia asimpe tumbo likiwa tupu. Kabula aliyarudia maneno yangu yote bila kukosea hata moja.

Kabula alikuwa mjane wa mtoto wa mwisho wa Mzee Maduhu. Mume alifariki watoto wakiwa wadogo, wawili, naye akabaki pale kwa baba mkwe akilima na kumtunza mzee. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Akimpa mzee kitu alipiga magoti na kutoa kwa mikono miwili, hata pale koridoni kwenye sakafu chafu.

Mwezi ulipoisha walirudi, na Mzee Maduhu alikuwa amekakamaa kama siku ya kwanza. Daktari wetu akaongeza dozi. Mwezi wa pili hali ileile. Mwezi wa tatu wakaniletea dirishani boksi la dawa, nikamwaga vilivyobaki kwenye sahani, nikahesabu. Hesabu ilikuwa sawa mpaka kidonge cha mwisho. Kwa kanuni ya Mzee Mkude, mgonjwa anameza. Lakini mgonjwa alikuwa mbele yangu, hawezi hata kugeuza shingo.

Ilikuwa siku ya kliniki, foleni imefika hadi kwenye choo, na nilikuwa sijanywa hata chai. Siyasemi haya kama udhuru, nasema ilivyokuwa. Nilimwangalia Masanja nikasema kwa sauti ya kusikika, "Dawa ni hiihii. Hapa kwetu ilifanya kazi, huko kwenu haifanyi. Anayempa ni nani?"

Masanja akamwonyesha Kabula kwa kidevu. Mimi nikasema, "Basi tatizo liko hapo." Nikapokea cheti cha mgonjwa aliyefuata.

Nilichokuwa nacho kichwani ni kwamba labda anazimwaga, au anampa kwa saa zisizo zake. Sikufikiri zaidi. Masanja na waliokuwa kwenye benchi walisikia kitu kingine kabisa, nami nimeishi Kilosa miaka yote hiyo, nilipaswa kujua watasikia nini. Mjane, ameshazika mume, sasa baba mkwe anapona akiwa mbali naye na kuugua akiwa karibu naye. Walisikia kwamba ule mkono wa mtu ni wake, na mimi ndiye niliyewawekea muhuri.

Wiki mbili baadaye, siku ya Alhamisi, Kabula alikuja peke yake. Alisubiri mpaka foleni ikaisha, ndipo akasogea dirishani. Alisema shikamoo, nikaitikia marahaba, nikamuuliza habari za mzee. Akasema hajui vizuri, kwa sababu ana siku kumi haruhusiwi kumpelekea chakula wala maji. Wazee wa ukoo walikaa, wakasema hata mama wa dawa ameona. Kaka yake ameitwa kutoka Shinyanga, anafika Jumamosi kumchukua. Watoto watabaki, ni wa ukoo. Alisema yote hayo bila kulia, mikono ameikunja juu ya kizingiti cha dirisha.

Kisha akasema, "Mama, wewe ndiye uliyesema. Nimekuja kukuuliza, uliona nini?"

Vijana, nimewahi kuulizwa maswali na wakaguzi, na majaji, hata na mbunge mmoja aliyekosa dawa za mafua. Hakuna swali lililonichoma kama lile. Sikuwa nimeona chochote. Nilikuwa nimehesabu vidonge. Niliona aibu, nikamfungulia mlango wa pembeni, nikamkalisha kwenye kiti changu na kumwambia kwamba sikuona kitu, nilisema tu.

Nikamwomba anieleze tangu mwanzo anavyompa. Akaeleza. Asubuhi anaamka kabla ya wote, anaosha kibuyu, anakwenda zizini kwa ng'ombe mmoja aliyetengwa kwa ajili ya mzee, anakamua. Anampelekea mzee kidonge na kibuyu kimejaa. Mchana vilevile, ila maziwa ya mgando. Jioni vilevile. "Ulisema nisimpe tumbo tupu," akasema. "Nikampa kilicho bora nyumbani."

Mara ya kwanza hata sikushtuka. Dawa na maziwa, mbona sisi wenyewe huwa tunawaambia watu wanywe na maziwa ikiwa dawa inachoma tumbo? Lakini nilikuwa nimeshakosea mara moja kwa haraka. Nikavaa miwani, nikafungua boksi jipya na kutoa ile karatasi iliyokunjwa ndani. Nakiri kwamba karatasi zile tulikuwa tunampa mama muuza karanga wa getini azifanyie vifungashio. Nikasoma maandishi yale madogo mstari kwa mstari, na kwenye upande wa pili nikakuta: vyakula vyenye protini nyingi vinaweza kupunguza nguvu ya dawa.

Nilimpigia daktari bingwa hapohapo, nikimwomba radhi kwa kumkatiza. Akaniambia ni kweli, na kwa mgonjwa aliyefika hatua ile tofauti inaweza kuonekana kwa macho. Maziwa na nyama vikishasagwa tumboni, chembe zake hupita kwenye mlango uleule unaopitisha levodopa, utumboni kwanza, kisha kwenye kuingia ubongoni. Mlango ni mwembamba. Mzee wa watu alikuwa anasukumiwa kibuyu kizima cha washindani kila anapomeza kidonge. Nikamuuliza Kabula kule wodini mzee alikuwa anakula nini. Akasema alikuwa na Masanja, na Masanja hayaamini maziwa ya mjini, anasema yametiwa maji, kwa hiyo alimnunulia mzee chai ya rangi na mihogo siku zote tano.

Daktari alisema tujaribu hivi: kidonge kimezwe na maji nusu saa kabla ya kula, kichefuchefu kikija apewe kipande cha muhogo, na maziwa yasogezwe mbali na dawa, mengi yawe ya jioni baada ya kidonge cha mwisho kufanya kazi yake. Nikamwandikia Masanja ujumbe kwamba Jumamosi nakuja mwenyewe, na kwamba asubuhi hiyo mzee asipewe maziwa wala dawa mpaka nifike. Akajibu "sawa mama". Maneno mawili tu yalinitosha, na pia yalinitisha.

Jumamosi nilichukua bodaboda, tukapita Kimamba, tukaingia njia ya mashambani hadi kwenye boma lao. Nilimkuta kaka yake Kabula ameshafika, amekaa kwenye kigoda na kofia magotini. Masanja alikuwepo, na baba zake wadogo wawili. Mzee Maduhu alikuwa amelazwa kwenye kiti cha kamba kwenye baraza ya nyumba, shingo imeinama. Pembeni ya mlango kulikuwa na furushi lililofungwa kwa kitenge, fundo kubwa juu yake. Kabula alisimama karibu nalo. Watoto sikuwaona.

Nilimwamkia mzee shikamoo, nikawasalimu wengine kwa Kisukuma, mwangaluka, wakafurahi kidogo kusikia Mkaguru akijaribu. Kisha nikasema. Niliwaambia kwamba nilitamka neno dirishani bila kuona kitu, kwamba kosa lilikuwa langu na si la huyu mama, na kwamba alichokifanya ni kile nilichomwambia, tena kwa moyo kuliko nilivyoagiza. Nikawaeleza habari ya maziwa.

Masanja alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, halafu akaniambia, "Mama, siku ile ulisema tatizo ni huyu. Leo unasema tatizo ni maziwa. Sisi tushike lipi?"

Alikuwa na haki. Nikamwambia wasishike langu lolote, waangalie wenyewe kwa macho yao.

Mmoja wa baba wadogo akasema kaka yake amelelewa kwa maziwa tangu tumboni, haiwezekani leo yakawa sumu. Nikafafanua kwamba maziwa hayakumletea ugonjwa, na mabonge yaliyo kichwani hayatokani na maziwa, ni protini ya mwili wake mwenyewe iliyopotoka. Maziwa ni mema, ila yanafika mlangoni wakati mmoja na dawa. Alifikiri kidogo, akasema kwa Kisukuma jambo lililowafanya wengine watikise kichwa kukubali, kisha akanifasiria: ni kama kwenye josho la kuogeshea mifugo, ng'ombe wakubwa wakitangulia kwenye ule upenyo, ndama anabaki nje. Tangu siku hiyo sijawahi kueleza kwa namna nyingine.

Nikatoa kidonge, nikaomba maji. Yakaletwa kwenye kikombe cha bati. Nikamnyooshea Masanja vyote viwili, maana niliona ndiye anayefaa.

Mzee Maduhu akainua mkono. Ulitetemeka sana, tukadhani anataka kufukuza nzi. Alikuwa anasema kitu. Masanja aliinama, akasikiliza, akainuka. Mzee akarudia, na mara hii hata mimi nilisikia.

"Anipe Kabula."

Kwa watu wasiojua, ni kikombe cha maji tu. Pale, mtu aliyekatazwa kumlisha mzee ndiye mzee anayemtaka amnyweshe, mbele ya ndugu wa pande zote mbili, kabla dawa haijathibitisha chochote. Masanja aliwatazama baba zake wadogo. Kisha akampa shemeji yake. Kabula akaja, akapiga magoti, akatoa kwa mikono miwili. Mzee akameza, maji mengine yakamtiririka kidevuni, naye akampangusa kwa ncha ya khanga.

Tukangoja. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nilijua dawa inaweza kuchukua dakika ishirini, inaweza kuchukua saa nzima, na nilijua kwamba isipofanya kazi siku ile Kabula ataondoka amehukumiwa mara mbili, zote kwa sababu yangu. Wazee waliongea habari za mvua na malisho. Kaka yake Kabula alizungushazungusha kofia magotini. Mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo kwa Kikaguru, lugha niliyoombea nikiwa mtoto, macho yangu yakiwa kwenye kile kidole gumba. Dakika thelathini kilikuwa bado kinasokota uzi. Nikaletewa chai, sikuweza kuimeza.

Ilipokaribia dakika hamsini kidole kikatulia. Mzee akainua shingo, akatazama zizini, akauliza kwa sauti iliyofika uwani ni nani aliyeacha ua wa miiba umelala namna ile. Masanja akajibu haraka kwamba atauinua leo. Mzee akashika mikono ya kiti, akasimama. Hakuna aliyemsaidia, nadhani hakuna aliyethubutu. Alitembea kwa fimbo yake, hatua zinanyanyuka, na sote tulidhani anakwenda zizini kukagua ua. Hakwenda. Alikwenda mlangoni, akainama kwenye lile furushi, akaanza kufungua fundo.

Lilikuwa limekazwa. Vidole vyake vilikuwa havijawa vyepesi sawasawa, alichukua muda mrefu, na boma zima lilimwangalia. Lilipofunguka akakitoa kitenge, akakikung'uta vumbi, akamrudishia Kabula. Kaka yake alivaa kofia yake. Alilala pale usiku mmoja kama mgeni, na kesho yake akapanda basi la kurudi kwao, peke yake.

Mabonge hayakuyeyuka, wala sikuwahi kuwaahidi. Miaka iliyofuata dozi iliongezeka, saa zikasogezwa, siku nzuri zikapungua. Lakini alipata miaka ya kufunga vifungo vyake na kugombeza watu, na maziwa yake ya jioni hakuyakosa. Mimi nilimtembelea kila nilipopata nafasi, nikirudi na kuku au mahindi mabichi. Mama muuza karanga ilibidi atafute karatasi kwingine. Na nyinyi nikaanza kuwasumbua kwa lile swali langu mnaloliiga nikiwa nimegeuka: umemeza na nini, saa ngapi, nani alikuwepo? Niigeni tu, bora muulize. Siku hizi nasoma kwenye simu kwamba dawa za kuzuia yale mabonge zinaendelea kujaribiwa huko maabara. Zikifika, zitapita kwenye dirisha lenu, na ndani ya boksi kutakuwa na karatasi.

Mzee Maduhu alifariki nikiwa nimebakiza miezi michache kazini, amelala kitandani kwake. Nilikwenda msibani. Kabula alikuwa amekaa na wafiwa, mkekani, mbele, pamoja na mabinti wa kuzaliwa, na watu waliokuja kutoa pole walimshika mkono yeye kama walivyowashika wao. Mimi nilitafuta mahali nyuma, kwa wageni. Masanja akaniona, akanishika mkono, akanipitisha katikati ya watu mpaka mbele.

"Huyu ndiye mama wa dawa," akawaambia. "Alimkosea shemeji yetu, akapanda pikipiki kuja kusema."

Kabula akasogea, akanipa nafasi kwenye mkeka. Nikaketi.